Pesa Yangu Inafika, Kura Yangu Haifiki

Jioni ya tarehe 15 Agosti 2022 nilikuwa jikoni Riyadh, sufuria kwa sinki, simu nimeiegemeza kwa mkebe wa mchele, sauti nimezima. Saa za Riyadh na za Nairobi ni zile zile. Watu walipoanza kuvurugana kwenye jukwaa la Bomas, niliona wakati ule ule mama alikuwa anaona kwake Kayole. Kisha mwenyekiti wa tume akasoma: William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Nilitoa tofauti kichwani kabla mtangazaji hajaitoa. 233,211. Madam akaingia akauliza mbona nimesimama tu.

Sitawaambia kama nilifurahi au nililia. Haiwahusu, na pia si hoja yangu.

Hoja yangu ni hesabu. Kwa siku sita kabla ya hapo, kila usiku nyumba ikishalala, nilikuwa nafungua fomu za 34A. Tume iliziweka kwa tovuti, moja kwa kila kituo, zaidi ya 46,000, mtu yeyote mwenye bando azisome. Niliitafuta shule ambapo mimi mwenyewe nilipiga kura 2017. Niliipata. Nikasoma kura zilizoharibika, sahihi za maajenti, na mwandiko wa msimamizi ambaye hakika hakuwa amelala siku mbili. Nilizijua takwimu za Embakasi kuliko nilivyojua majina ya mitaa ya Riyadh. Kwa kweli nilikuwa nakagua harusi ambayo sikualikwa.

Maanake mwaka huo Wakenya wa nje walipiga kura katika nchi 12: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Afrika Kusini, Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Qatar na Falme za Kiarabu. Saudia haimo. Hesabu tena, haimo. Wenzetu wa Doha na Dubai walipiga, na mimi siwaonei wivu (sawa, nawaonea kidogo). Lakini nchi ambayo maelfu na maelfu ya wasichana wetu wanalala kwa vyumba vya stoo, hiyo ndiyo ilikosa sanduku hata moja. Waliosajiliwa nje kote duniani walikuwa 10,443. Rudia hiyo namba polepole. Kuna wadi Nairobi zenye wapiga kura zaidi ya hao.

Mtu ataniambia: Kifungu cha 82 cha Katiba kinasema raia walio nje watasajiliwa hatua kwa hatua. Nakijua. Katiba ni ya 2010. Mwaka wa 2013 zilikuwa nchi 4, 2017 zikawa 5, 2022 zikawa 12. Hatua zipo, sikatai. Ni za kinyonga.

Lakini angalia pesa. Mwaka huo huo wa 2022 Benki Kuu ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4 zilizotumwa nyumbani na walio nje. Hizo hazikuambiwa zingoje hatua kwa hatua. Natuma nikiwa nimekaa kwa choo, maana ndipo pa pekee penye mlango unaofungika, na kabla sijatoka mama ameshapata meseji. Serikali inajua nilipo vizuri kabisa nikiwa natuma. Inajua hadi senti. Ni wakati wa kura ndio napotea, ghafla sijulikani niko wapi, ghafla ni vigumu kunifikia.

Hata mfungwa kule nyumbani alipiga kura ya rais, na ni haki yake. Nataka tu mtu anieleze ni kosa gani nilifanya lililo kubwa kuliko lake.

"Si mlitoroka? Mnataka nini tena?" Hilo aliniuliza ndugu yangu mwenyewe, kwa voice note, akitafuna. Ndugu yangu analala kwa nyumba ninayolipia kodi. Basi nimjibu hapa. Rais ndiye mkubwa wa balozi wangu. Serikali yake ndiyo inakaa mezani na Wasaudi kuandikiana mikataba ya kazi, kazi yangu, masaa yangu, pasipoti yangu ambayo siku ile ya Agosti ilikuwa imefungiwa kwa kabati la mwajiri. Wizara ya Mambo ya Nje yenyewe ilisema Wakenya 89 walikufa Saudia kati ya 2020 na 2021, wengi wakiwa wafanyakazi wa nyumbani, na sababu tuliyoambiwa sana ni moyo kusimama. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, moyo unasimama tu. Huko kampeni zilikuwa za bei ya unga. Sawa, unga. Lakini sisi tuko kwa manifesto gani? Mwanasiasa hana haja ya kupanda ndege kuja kuomba kura ya mtu asiyepiga kura.

Sasa niseme na la aibu yangu, kabla ndugu yangu hajaniumbua kwa maoni.

Wiki moja kabla ya uchaguzi nilituma shilingi elfu tatu zaidi ya kawaida, na chini nikaandika jina la mtu. Sikuandika "tafadhali". Nikapiga simu kuhakikisha. Nilimwambia mama yangu, mwanamke aliyepiga kura tangu enzi za mlolongo wa 1988, kwamba anayetuma ndiye anayejua mambo yalivyo. Kumbe ndivyo ilivyo rahisi. Miaka yote nimewacheka wale wanaogawa mia mbili mbili kwa vijana nyuma ya stage, na mimi nikagawa elfu tatu, kwa mama yangu, nikiwa Riyadh. Mtu aliyenyimwa kura yake anaanza kuazima za wengine.

Mama hakugombana. Alinyamaza, akauliza kama nakula vizuri. Tarehe 9 jioni akanitumia picha ya kidole chenye wino. Nikamuuliza, mama, ulimpigia nani?

"Kura ni siri, mwanangu," akasema. "Na ile elfu tatu nimelipa stima."

Agosti 2027 si mbali. Ubalozi wa Kenya upo hapa Riyadh. Una lango, una meza. Sanduku litatosha.