Mwanao Anapoomba Kadi ya Grafiki

Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo miaka michache iliyopita lisingepata nafasi katika ukurasa wa familia. Hapa kwetu Kilole, na nadhani hata huko uliko wewe, vijana wameanza kuomba kitu kiitwacho kadi ya grafiki. Ukimwuliza mtoto ni kitu gani, atakujibu kwa maneno mengi ya kigeni, na mwishowe utabakia na neno moja tu ulilolielewa vizuri, yaani bei.

Wako akina mama wanaokataa papo hapo, na wako wanaotoa fedha ili mtoto anyamaze. Njia zote mbili zina hasara yake. Anayekataa bila kujua anachokikataa humfundisha mtoto kutafuta ushauri kwa watu wengine. Naye anayetoa bila kuuliza huenda akanunua kifaa kisichoingia hata kwenye kompyuta iliyopo nyumbani. Basi tukae chini tuelewe.

KADI HII INAFANYA KAZI GANI?

Fikiria jikoni kwenye shughuli ya harusi. Yupo mpishi mkuu, ajuaye kila kitu, naye huamua pilau itiwe viungo lini na nyama ishuke saa ngapi. Lakini mchele wa gunia zima hauchambui yeye. Huchambuliwa na akina mama hamsini, kila mmoja na ungo wake, kwa wakati mmoja. Ndani ya kompyuta, mpishi mkuu ni prosesa. Akina mama wenye nyungo ndio kadi ya grafiki.

Kioo cha kawaida cha kompyuta ya siku hizi kina nukta 1,920 kwa mlalo na 1,080 kwa wima. Ukizidisha utapata nukta zaidi ya milioni mbili. Katika mchezo wa mpira wa kompyuta, nukta zote hizo huhesabiwa rangi upya kama mara 60 kwa kila sekunde. Prosesa peke yake haiwezi kuharakisha kazi hiyo, ndipo picha huanza kukatakata na mtoto huanza kulalamika.

Kadi hiyohiyo hutumiwa pia na watu wanaohariri video, wanaochora majengo na wanaotengeneza katuni. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwanao ni hili: "Unataka kufanya kazi gani nayo?" Mwambie aandike kwenye karatasi majina ya michezo na programu anazozitaka. Kila mchezo una orodha ya mahitaji yake ya chini, na orodha hiyo ndiyo inayoonyesha ukubwa wa kadi inayotosha. Karatasi hiyo itakufaa kwa jambo la pili pia. GTA V, ambao ulitoka kwa kompyuta mwaka 2015, hauhitaji kadi kubwa, lakini huko Ulaya umepewa alama ya umri wa miaka 18 kwa ajili ya ukatili uliomo. Michezo ya mpira ya EA Sports FC imepewa alama ya miaka 3. Mama ana haki ya kujua fedha yake inaleta nini sebuleni.

ANZA NA SANDUKU LILILOPO

Kompyuta nyingi za mezani zilizo majumbani mwetu ni mitumba ya maofisi kutoka nje, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, ila hazikuundwa kwa ajili ya michezo. Kabla hujauliza bei ya kadi yoyote, mwombe mwanao au fundi azime kompyuta, achomoe waya ukutani, afungue ubavu wa sanduku, kisha akueleze mambo manne.

Kwanza, nafasi. Kama sanduku ni jembamba, kadi ya kawaida haitaingia. Linahitaji kadi fupi ya kimo cha nusu, yenye kibati kifupi cha nyuma. Pima kwa rula, usikadirie kwa macho.

Pili, pawa saplai. Ina karatasi iliyobandikwa, imeandikwa wati zake. Nyingi za ofisi ni za wati kati ya 200 na 300, wala hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo ni lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Usikubali fundi aunganeunganishe nyaya ili kadi kubwa iwake. Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua jinsi majeraha ya moto yanavyochelewa kupona. Tena, baadhi ya mashine hizi za ofisi zina plagi za umbo la peke yake, hivyo kubadili pawa saplai si jambo jepesi kama fundi anavyoweza kukuahidi.

Tatu, kioo. Kama kioo chenu ni cha zamani chenye plagi ya bluu ya VGA pekee, kadi za miaka hii hazina tundu la plagi hiyo. Itabidi mnunue kigeuzi, na hiyo ni gharama nyingine.

Nne, RAM. Kama kompyuta ina RAM ya GB 4, au ina kipande kimoja tu, huenda kuongeza kipande cha pili kukaleta nafuu kubwa kuliko ulivyotazamia, kwa kuwa kompyuta isiyo na kadi huazima RAM hiyo kwa kazi ya picha. Gharama yake aghalabu ni ndogo kuliko ya kadi. Jaribuni hilo kwanza.

NI KADI IPI BASI?

Kwa sanduku la ofisi ambalo pawa saplai yake haibadilishwi, tafuteni kadi isiyotaka waya wa ziada. GTX 1650 ya Nvidia, iliyotoka mwaka 2019, ina kumbukumbu ya GB 4 na hutumia wati 75. Ziko za aina hiyo zenye tundu la waya na zisizo nalo, kwa hiyo tazama kwa macho yako. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70 na ina nguvu zaidi. RX 6400 ya AMD hutumia wati 53 tu, lakini ina kasoro mbili: hupungukiwa nguvu katika kompyuta za zamani, na haina sehemu ya kurekodi video. Kijana anayetaka kuhariri au kurekodi video asiichukue.

Kwa sanduku kubwa lenye pawa saplai nzuri, zipo RX 6600 yenye GB 8 na wati 132, au RTX 4060 yenye GB 8 na wati 115. Hizi zote mbili hutaka waya wake.

Jihadharini na kadi zilizozeeka mno. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba baada ya Oktoba mwaka huo haitazitengenezea tena kadi za GTX 900 na GTX 1000 draiva mpya za michezo, yaani programu inayoiendesha kadi. Zimebakiziwa masahihisho ya usalama kwa muda. Kadi kama GTX 1050 Ti bado itacheza michezo ya zamani, lakini usiinunue kwa bei ya kitu kinachotazamia maisha marefu.

MITUMBA NA KADI BANDIA

Mwezi Septemba 2022 sarafu ya mtandaoni iitwayo Ethereum ilibadili utaratibu wake, na kadi nyingi sana zilizokuwa zikiichimba usiku na mchana zikakosa kazi zikaingia sokoni kama mitumba. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini huenda feni zake zimechoka. RX 580 ni mojawapo ya zilizotumika hivyo kwa wingi, nayo hula wati 185.

Zipo pia kadi za uongo, za zamani kabisa, ambazo jina lake limebadilishwa ndani ili kompyuta isome jina la kadi mpya. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Huonyesha kadi yenyewe ni ipi, na kadi nyingi za uongo huzitaja waziwazi. Baada ya hapo, ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa mbele ya mnunuzi. Ikizima, ikitoa mistari ya rangi au ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, irudishwe mezani.

Sisi wa Korogwe vitu vya namna hii huvipata kutoka Dar es Salaam au Tanga, na mara nyingi hutumwa kwa basi. Fedha ikishakwenda kwa simu kwa mtu usiyemjua, na kifurushi kikafika na kitu kingine, utamdai nani? Afadhali ndugu aliyeko huko aende dukani, ashuhudie majaribio, ndipo alipe. Adai risiti ya EFD, na ahadi ya kurudisha iandikwe kwa tarehe. Namba iliyobandikwa kwenye kadi ipigwe picha kabla haijafungwa.

HESABU YA LUKU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kompyuta, kioo na kadi ndogo vinatumia wati 200 kwa pamoja, naye kijana anacheza saa 3 kila siku. Hiyo ni uniti 0.6 kwa siku, au uniti 18 kwa mwezi. Kwa kadi kubwa, tuseme jumla ni wati 350. Saa hizohizo zitakula uniti 31.5.

Sasa tazama nyumba inayotumia uniti 55 kwa mwezi, iliyo katika tarifu ya D1 ya TANESCO, ambayo ni ya majumba yasiyozidi wastani wa uniti 75. Kwa kadi ndogo itafika 73 na kubaki salama. Kwa kadi kubwa itafika 86.5, na ikiendelea hivyo huenda ikahamishiwa tarifu ya juu, ambapo kila uniti huuzwa ghali zaidi, pamoja na zile za taa na pasi. Ndiyo maana nasema bei ya dukani si bei yote. Ongeza nauli ya kifurushi, kigeuzi cha kioo, na kilinda umeme, kwani umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo umeua vifaa vingi.

JE, TUKOPE?

Mama mmoja wa mtaa wetu aliniuliza kama achukue mkopo wa VICOBA kwa ajili ya kadi ya mwanawe wa miaka 17. Kijana alikuwa na nusu ya fedha, aliyoipata kwa kutengeneza simu. Baba yake alikuwa amekwisha kusema huo ni upuuzi, na kwa wiki mbili baba na mwana walikuwa wanasalimiana tu. Mama alitaka kukopa kwa siri ili amani irudi.

Nilimjibu kwamba mkopo wa siri hauleti amani, unaiahirisha tu. Marejesho ya kila wiki yangetoka wapi bila baba kuuliza? Nilimshauri amwambie kijana afungue sanduku, apime, aandike hesabu zote kama tulivyoziandika hapa, kisha ampelekee baba yake mwenyewe. Alipofungua aligundua kwamba kadi aliyoitaka isingeingia. Iliyofaa ilikuwa ya bei ya chini, na akiba yake ilipungukiwa kidogo tu. Baba hakuitoa fedha iliyobaki. Alisema, "Tengeneza simu nyingine." Lakini jioni ile waliongea kwa saa nzima, na mkopo haukuchukuliwa. Kadi ilikuja baada ya miezi mitatu.

MANENO YA MUUGUZI

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kadi nzuri huufanya mchezo uwe mtamu zaidi, na usiku ndio hulipa. Kompyuta ikae sebuleni, si chumbani, na saa ya kuzima ikubaliwe kabla kadi haijanunuliwa, wakati ambapo kijana bado anakuhitaji. Apumzishe macho kwa kutazama mbali kila baada ya muda, maana anayekodolea kioo hupunguza kupepesa na macho hukauka.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ulevi wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Usimwite mwanao mgonjwa kwa sababu amecheza sana siku za likizo. Dalili ni hizi: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko shule, chakula na watu, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Ukiziona, zungumza na daktari mapema.

Mwenye sanduku nyumbani na alifungue wiki hii, aniandikie wati za pawa saplai yake na urefu wa nafasi iliyopo. Mwezi ujao nitajibu barua zitakazofika.