Kiolesura au Kiungio? Istilahi za Chipu Zatungoja

Aghalabu sisi wapenzi wa Kiswahili hudai kwamba lugha yetu yaweza kueleza taaluma yoyote. Hebu tulipime dai hilo kwa mfano mmoja.

Kiwango cha USB 2.0 kilitolewa mwaka wa 2000. Husafirisha data kwa kasi ya hadi megabiti 480 kwa sekunde, na baadhi ya ishara zake huhitaji volti 3.3. Transista za chipu za kisasa ni ndogo mno, hazistahimili volti hizo. Ndiposa mwaka wa 2014 kukatolewa eUSB2, ambayo hutumia volti 1.2 au 1.0. Chipu inapowasiliana na kifaa cha nje cha USB 2.0, chipu nyingine ndogo hukaa kati kama mkalimani, ikigeuza ishara. Toleo la mwaka wa 2024 limefikisha kasi hiyo gigabiti 4.8, yaani mara kumi.

Maelezo yameeleweka. Je, uhusiano wenyewe tuuiteje? Istilahi iliyozoeleka ni 'kiolesura'. Hiyo yafaa kwa kile mtumiaji akionacho kwenye skrini. Nyaya zilizomo ndani ya tarakilishi hazina sura ya kutazamwa. 'Kiunganishi' nacho tayari ni aina ya neno katika sarufi. Napendekeza 'kiungio'.

Huenda mhandisi akanipinga. Heri anipinge, mradi tumeketi pamoja. Istilahi zibuniwazo na wanaisimu peke yao hufia kamusini. Mwanafunzi wa Kiswahili na amtafute mwenzake wa uhandisi leo, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.