Usimuuzie mteja "madini": maoni yangu kuhusu waini nyeupe za volkano

Wauzaji wenzangu wa vinywaji mtandaoni, leo naomba tuongee kuhusu neno moja tu: madini.

Ukiuza waini nyeupe za Italia, hasa zile za udongo wa volkano, utakutana nalo kila mahali. Wataalamu wa kuonja wanasema zina "ladha ya madini". Sisi tunatafsiri na kupachika kwenye posti: "Waini yenye madini ya volkano, mzigo upo, njoo inboksi." Mimi nasema tuliache, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni Kiswahili chenyewe. Kwetu, madini kwenye kitu cha kuliwa au kunywewa ni yale tunayosikia kliniki: madini ya chuma, kalisi, zinki. Ukiandika kinywaji kina madini, kuna mtu atasoma kwamba kinaongeza damu. Hii ni pombe jamani, kileo cha asilimia 12 au 13 hivi. Mama mjamzito akikuuliza inboksi kama itamfaa, utamjibu nini wakati posti yako imeshamjibu vibaya? Hapo hujauza waini, umeuza dawa ambayo haipo.

Ya pili, hata huko Italia mteja hanywi jiwe. Mizizi ya mzabibu hufyonza maji yenye chembechembe kidogo sana za madini yaliyoyeyuka, na yanayobaki kwenye waini ni kidogo mno kwa ulimi kuyatambua. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth kule Wales, amelieleza hili kwa miaka mingi, na mwaka 2018 akatoa kitabu kizima kuhusu mawe, udongo na mashamba ya mizabibu. Waonjaji wakisema "madini" wanatumia fumbo. Wanamaanisha ule uchachu mkali, chumvichumvi ya mbali, na harufu kama ya jiwe lililoloweshwa na mvua.

Sasa, je, volkano haina kazi? Inayo, tena kubwa. Chukua mlima Etna kisiwani Sicilia. Una zaidi ya mita 3,300 na unalipuka hadi leo. Mizabibu imepandwa kwenye miteremko yake mpaka karibu mita 1,000. Mchana jua, usiku baridi, na zabibu ya huko iitwayo Carricante inabaki na uchachu wake. Udongo wa majivu na lava hautuamishi maji. Kwa hiyo mlima unaingia kwenye glasi kwa njia ya baridi, mwinuko na maji. Lava yenyewe haimo.

Hapa ndipo naona muuzaji mdogo ana nafasi. Badala ya fumbo, andika vitu ambavyo mteja anaweza kuvihakiki:

1. Jina na mahali. Etna Bianco ni jina linalolindwa na sheria ya Italia tangu 1968, na kanuni zake zinataka angalau asilimia 60 iwe Carricante. Ukiona neno Superiore, ujue imetoka eneo la Milo tu, mashariki mwa mlima, na Carricante ni angalau asilimia 80. Soave inatoka karibu na Verona, angalau asilimia 70 ni zabibu ya Garganega, na sehemu ya vilima vyake ni mawe ya volkano zilizozimika zamani sana. Greco di Tufo inatoka Campania, kwenye kijiji cha Tufo palipochimbwa salfa na vijiji vya jirani. Ilipewa daraja la juu la DOCG mwaka 2003.

2. Itakavyokuwa mdomoni. Sema wazi: SI TAMU. Inachachuka kama ndimu na tofaa la kijani, na inaacha chumvi kidogo mwishoni. Mteja aliyezoea waini tamu asipoambiwa atadhani umempa iliyoharibika. Atadai hela yake, na skrinshoti ya posti yako itazunguka kwenye magrupu.

3. Ya kula nayo. Iwe baridi, na samaki, kamba au pweza mezani. Hapo uchachu unafanya kazi ya ndimu.

Najua kuna atakayesema, "Ukweli hauuzi, volkano ndiyo inavuta wateja." Sawa, itumie volkano! Andika hivi: "Zabibu zimekua kwenye mteremko wa mlima wa volkano unaolipuka hadi leo. Waini kavu, chachu, nzuri na samaki. Kwa wenye miaka 18 na kuendelea." Kila neno hapo ni kweli na bado linavutia. Usimpe mteja ahadi ya afya, mpe mahali na ladha.

Kumbuka pia chupa hizi si bei ya soda. Mtu anayetoa hela yake ya wiki nzima kununua chupa moja ya zawadi anakuamini wewe, maana hawezi kuonja kupitia simu. Maneno yako ndiyo kionjo chake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri hakihitaji kusingiziwa udaktari.

Kwa hiyo leo, kabla hujapandisha mzigo mpya, ingia kwenye ukurasa wako, tafuta neno "madini", lifute, weka jina la zabibu na jina la mahali. Na leseni yako ya kuuza pombe iwe hai.

Wewe unaelezaje waini kavu kwa mteja anayependa tamu? Tuachie kwenye komenti, wenzako wajifunze.