Acheni kufomati, someni kwanza!

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Ile kompyuta ya maabara yenye prosesa mbili, tunayohifadhia maandalio ya somo, imefomatiwa tena. Mara ya tatu muhula huu! Mtandao ulikata, fundi akaja, akatamka "virusi", akafuta kila kitu, akaweka Linux upya. Maandalio yangu ya wiki sita ndiyo basi tena. Na baada ya siku mbili mtandao ukakata vile vile.

Huo si ufundi jamani, ni kupiga ramli.

Mashine ilishasema yenyewe inaumwa wapi. Niliandika dmesg nikakuta mstari huu: "irq 19: nobody cared". Yaani kuna kifaa kimenyoosha kidole na hakuna aliyekijali. Intarapti ndiyo hiyo: kadi ya mtandao au diski ikitaka kusikilizwa inanyoosha kidole, prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya na kwenda kuisikiliza. Linux ikihesabu vidole 100,000 kwenye laini moja na zaidi ya 99,900 havina mwenyewe, inaifunga laini nzima. Kama kadi ya mtandao inakaa laini hiyo hiyo, nayo inanyamazishwa. Virusi wako wapi hapo?

Mara nyingi kosa liko kwenye BIOS, ile programu iliyomo kwenye chipu ya mazabodi. Zamani zilikuwepo chipu mbili za 8259, laini 15 tu za kutumika, zote zikienda kwa prosesa moja. Mashine za prosesa nyingi zinatumia IO-APIC, kwa kawaida laini 24, na intarapti inaweza kupelekwa kwa prosesa yoyote. Lakini Linux haijui nani kakaa wapi. Inasoma majedwali ya ACPI yaliyoandikwa na watengenezaji wa BIOS. Sasa wewe mwalimu ukipewa chati ya madawati iliyokosewa, unamwita Juma anasimama Asha. Kufomati diski kunarekebishaje chati iliyoko kwenye mazabodi? Mwenye jibu anipe.

Halafu kuna wajanja wa noapic. Hii ni Panadol. Ukiiweka, mashine inarudi kwenye zile 8259 na vifaa vyote vinaibebesha prosesa ya kwanza. Na acpi=off ni balaa zaidi: kama mazabodi haina jedwali la zamani la MP, prosesa ya pili haionekani kabisa! Kama kipimo nakubali, tatizo likiisha umejua pa kuchimba. Kuiacha humo mwaka mzima ndiyo uzembe.

Fungua /proc/interrupts mara mbili, uone namba gani inaruka na nani wanagawana laini. Hamisha kadi kwenye sloti nyingine. Angalia toleo la BIOS kwa dmidecode, ulinganishe na lililoko kwa mtengenezaji. Ukilipandisha liwe na UPS, maana umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza kuwa kopo. (Na umeme wetu mnaujua.)

Niliyaandika haya kwenye karatasi nikampelekea fundi. Akasema, "Wewe mwalimu, nenda kafundishe." Sawa kaka. Ila safari hii kazi za watu wote nimezikopi kwenye flashi, na laini 19 nimeipiga picha. Anayebisha aje maabara leo saa kumi na moja jioni, nipo.