Babu zetu hawakuliabudu jua

Huku kwetu Mogotio, mazishi hayaishi bila mhubiri kutukumbusha kwamba babu zetu waliabudu jua. Ushahidi wake ni neno moja tu: Asis. Mimi ni Mtugen, mmoja wa Wakalenjin, nimefundisha somo la dini Rongai na Njoro hadi nikastaafu, na neno hilo nalionea uchungu.

Ni kweli, Asis ni jua na Asis ni Mungu. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, Wakalenjin wenzetu, aliliandika Asista, akaeleza wazee walivyotema mate kuelekea mapambazuko wakiomba baraka. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Lakini bibi yangu alipoanika wimbi akisema asista limewaka, hakuna aliyedhani anasali. Na mtoto aliposhikwa na homa usiku wa manane, bibi alimwita Asis, jua likiwa limezama zamani. Alikuwa akimwita nani?

Majirani zetu Wamaasai husema Enkai, na neno hilo ni Mungu na ni mvua pia. Wakikuyu wakalipokea wakasema Ngai, likaingia katika Biblia yao, na Nakuru nzima sijasikia kanisa likilionea haya. Biblia ya Kikalenjin ilichagua Jehobah, Asis akaachwa mlangoni. Naamini uamuzi huo ulitudhulumu, maana ulitufundisha kwamba sala za wazee wetu hazikumfikia yeyote.

Wala si sisi peke yetu. Wachaga humwita Mungu Ruwa, nalo ndilo jua. Wairaqw wa Mbulu wana Looa. Wadatoga, ndugu zetu wa lugha walioko Tanzania, husema Aseta, na sikio lolote la Kikalenjin litaisikia Asis humo. Mwanahistoria Christopher Ehret anaona kwamba mababu zetu waliipata njia hii ya kumtaja Mungu kutoka kwa Wakushi wa kusini, walioishi katika Bonde hili la Ufa kabla yetu. Basi imani hii ilivuka lugha na makabila karne nyingi kabla ya misheni ya kwanza kufika hapa.

Fungua rejista ya darasa lolote Nakuru. Chepkorir alizaliwa kukikaribia kupambazuka, Kimutai asubuhi, Chebet mchana, Kiplagat jua lilipokwisha kutua. Watoto wanabeba mwendo mzima wa jua katika majina yao, kisha mwalimu anawaambia waliowapa majina hayo walikuwa wapagani wasiojua tofauti ya kiumbe na Muumba.

Ninachoomba si kikubwa. Mwalimu wa dini aeleze maana zote mbili za Asis, na awaite wazee wa kijiji waje kuzisimulia wenyewe. Na Jumapili, mzee akisimama kuomba kwa jina hilo, mchungaji asimkatize.