Besi si Kishindo

Mjukuu wangu alinivisha kwa zamu hedifoni mbili za bei kubwa, akaniuliza ipi yenye besi bora. Yeye alisifu ile iliyotikisa kichwa. Nilikataa, na bado nakataa. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Hedifoni njema huitoa noti hiyo, kisha hunyamaza mpigaji anaponyamaza. Sennheiser HD 800, iliyotoka mwaka 2009, hulaumiwa kwa besi haba. Lakini noti yake haimezi jirani. Ngurumo inayomfunika mwimbaji ni kasoro inayouzwa kama sifa. Hata mwalimu hapimwi kwa makelele, bali kwa kueleweka.