Ua dogo la Madagaska ni somo kwa machimbo ya Kongo

Mwezi wa tatu 2024, wataalamu walitangaza okidi mpya kutoka misitu ya mashariki mwa Madagaska: Solenangis impraedicta. Inamea juu ya matawi ya miti bila kuinyonya miti hiyo. Mizizi yake inajishikiza kwenye ganda na kuishi kwa maji ya mvua na unyevu wa hewa. Ua lake lina upana wa sentimita 2 hivi, lakini mrija unaobeba maji yake matamu una urefu wa sentimita 33.

Linalopaswa kufikiriwa zaidi ni namna lilivyopatikana. Mtaalamu wa mimea Patrice Antilahimena alilikuta wakati wa uchunguzi wa mazingira kwenye eneo la madini. Bila kazi ile, miti ingeweza kukatwa na ua kupotea kabla ya kupewa jina. Hata leo mahali linapomea panafichwa, kwa kuogopa wezi wa okidi.

Misitu ya Kivu na Ituri nayo ina okidi juu ya miti, na chini yake kuna madini. Sheria ya madini ya Kongo inadai uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba. Lakini uchunguzi usiofika juu ya miti ni karatasi tu ya kupigwa muhuri. Serkali itume kwanza wanaojua mimea, ndipo mashini zifuate. Mti ukianguka, vyote vilivyoishi juu yake vinaanguka nao.